Nadhiri ya Mtoto wa Darasa la Nne

Sista aliniita ofisini kwake saa ya chai, na kwa kawaida saa ya chai hamwiti mtu. Alikuwa mkuu wa shule yetu ya msingi, shule ya Kikatoliki nje kidogo ya mji wa Tukuyu, na mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati wa madarasa ya kati. Wiki moja kabla, alikuwa amenituma Mbeya kwenye semina ya siku mbili kuhusu afya ya akili na ustawi wa watoto. Nilikwenda kwa sababu zamu ilikuwa yangu. Nilirudi na daftari lililojaa maandishi na begi la kitambaa, nikadhani yameishia hapo.

"Mwalimu, kuanzia wiki hii wewe ni mlezi wa wanafunzi," akasema. "Kile chumba yanapokaa majoho ya kwaya, utakisafisha. Mtoto mwenye jambo aje kwako."

Nikacheka kidogo, kisha nikaona hatanii.

"Sista, mimi si Mkatoliki. Hata Mkristo si mimi."

Alijua hilo. Babu yangu alifika Tukuyu kutoka upande wa Kilwa na cherehani yake, akaoa, akabaki. Baba yangu anashona mpaka leo pale mjini, na sare nyingi za shule yetu zimepita mikononi mwake. Mimi mwenyewe huingia darasani na mtandio wangu, na wakati wa sala za asubuhi husimama nyuma kimya pamoja na watoto wawili watatu wa Kiislamu.

"Ndiyo maana nakupa hisabati, sikupi dini," akasema Sista. "Lakini huko chumbani watoto hawataleta madhehebu. Wataleta shida zao. Maliza chai yako."

Nilisafisha chumba. Nikaweka mkeka, viti viwili vifupi na meza. Nikaweka sheria moja tu: humo ndani mtoto azungumze lugha anayotaka. Darasani wanatakiwa kuongea Kiingereza, uwanjani Kiswahili kinapita, lakini Kinyakyusa kinafichwa kama utoro. Mimi Kinyakyusa nakisikia chote, nimezaliwa humu humu. Kukisema ndiyo ninakisema vibaya, na watoto hupenda kunisahihisha.

Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili nikafuata daftari langu la semina. Nilichora nyuso tano kwenye karatasi kubwa, mmoja unacheka, mmoja unalia, mmoja una hasira, mmoja una woga, mmoja hauna kitu, nikapita darasa kwa darasa nikiwaambia kila mmoja aoneshe uso wa siku yake. Darasa zima la tatu lilionesha uso unaocheka. Darasa la nne vilevile. Nilipomuuliza mtoto mmoja kwa nini, akajibu kwa adabu, "Si ndilo jibu, mwalimu?" Nilirudi na karatasi yangu nimeikunja. Watoto wetu tumewazoesha kwamba kila swali lina alama, na kwamba mwalimu tayari anajua anachotaka kusikia.

Wakati huo darasa la nne walikuwa wanajiandaa na upimaji wa taifa. Kila Alhamisi tuliwapa mtihani, kila Ijumaa mchana nafasi zilibandikwa ubaoni, wa kwanza mpaka wa mwisho, majina kamili. Mimi ndiye niliyejumlisha alama na mimi ndiye niliyebandika. Niliona ni kazi safi. Namba hazina upendeleo.

Aliyekuwa juu ya orodha hiyo kila wiki alikuwa binti mmoja mdogo wa umbo, mtulivu, mwenye sweta lililomzidi mikono. Habari zake hizi ninaziandika kwa ruhusa ya mama yake, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asijulikane. Alikuwa akiishi Kawetele kwa bibi yake mzaa mama. Baba yake alikuwa dereva wa malori, wa kuonekana mara mojamoja. Sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo. Mlezi huwaangalia wanaogombana, wanaofeli, wanaolia. Anayeongoza darasa nani amwangalie?

Kilichonishtua kwanza ni tumbo. Kila Alhamisi asubuhi liliuma. Alipelekwa zahanati mara mbili. Hakukutwa na minyoo wala taifodi. Halafu nikaona karatasi yake ya mtihani: majibu sahihi, lakini alikuwa ameyafuta na kuyaandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Nilimwita, nikamwambia asihangaike, yuko vizuri. Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Nikaona nimemsaidia.

Ijumaa moja, kwa mara ya kwanza muhula ule, alikuwa wa tatu. Wavulana wawili walimpita kwa alama chache. Nilibandika karatasi, nikarudi kukusanya madaftari. Saa ya kuondoka, dereva wa gari la shule alipiga honi, akapiga tena, kisha akaja kuniambia kuna mtoto wa Kawetele hayupo. Nilimkuta darasani, kwenye dawati lake, amekaa wima na begi mgongoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Nikamwambia dereva aende tu, nitampeleka mwenyewe kwa bodaboda.

Nje mvua ilikuwa imeanza, ile yetu ya manyunyu ambayo haina haraka. Nikakaa dawati la mbele, nikageuka.

"Gari limeondoka," nikasema. "Tutaenda wote. Kama nimekukosea, niambie."

Akatikisa kichwa. Tulikaa. Mwalimu wa hisabati kukaa bila kusema kitu ni kazi ngumu, lakini nilikaa. Mwisho akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mwalimu, wewe huwa unasali kanisani kwetu?"

"Hapana. Mimi ni Mwislamu. Nasali kwetu."

"Kwa hiyo nikikuambia kitu, hutamwambia Mungu wetu?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba anasikia hata tusiposema. Niliuzuia. Niliona kwamba mtoto huyu ametafuta shule nzima mtu asiyekuwa upande ule, na amempata mmoja.

"Sitamwambia yeyote kabla ya kukuuliza wewe," nikasema.

"Nimemuua mama."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kusema ndiyo mwalimu. Kisha likatoka lote, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kinyakyusa. Shule ilipofunguliwa, mama yake aliondoka nyumbani, na yeye akaambiwa kwamba mama amekwenda Mbeya kumsaidia shangazi kwenye biashara. Lakini alimsikia bibi akiongea kwenye simu nyuma ya jiko. Akasikia uvimbe. Akasikia kupasuliwa. Hakuuliza, kwa sababu aliyefichwa jambo hatakiwi kulijua. Siku ya pili aliingia kwenye kanisa dogo la shule wakati wenzake wanacheza, akapiga magoti, akaweka nadhiri: atakuwa wa kwanza kila wiki, bila kukosa hata moja, na Mungu amrudishe mama. Alitimiza wiki tisa. Sasa alikuwa ameivunja.

"Usiseme hivyo, si kweli," nikamwambia haraka, na papo hapo nikaona uso wake ukijifunga. Kule semina tulikuwa tumeambiwa tusikimbilie kumnyamazisha mtoto kwa kumliwaza. Nililiandika, nikalipigia na mstari. Na bado ndilo nililofanya.

"Samahani," nikasema. "Ngoja nianze upya. Umelibeba jambo hili wiki zote hizi?"

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Na Mungu."

Hapo akalia, kilio cha mtoto hasa, cha makamasi. Nikahamia dawati lake. Sikumwambia anyamaze. Mvua ilipopungua nilimuuliza kama naweza kumweleza bibi yake. Alifikiri sana. "Bibi sawa," akasema. "Sista hapana."

Kufika Kawetele tulikuwa tumelowa magoti. Bibi alikuwa kibarazani anamenya ndizi mbichi kwenye beseni, akashtuka kutuona wawili.

"Habali sa shule, mwalimu? Amefanya nini huyu?" akauliza kwa lafudhi yake ya Kinyakyusa.

"Hajafanya kitu, bibi. Nimekuja kusalimia."

Alimtuma mjukuu akabadilishe nguo na kuwasha moto, akanikaribisha kigoda na bakuli la maziwa mgando. Hakuamini kwamba nimekuja kusalimia. Nilipoona mtoto yuko mbali nikamuuliza kuhusu mama yake. Kisu cha bibi hakikusimama.

"Mtoto haambiwi ugonjwa, mwalimu. Atafanya nini nao? Tunasema amesafiri, basi. Akirudi, amerudi."

"Bibi, anajua. Alikusikia kwenye simu."

Nikamweleza yote, nadhiri, wiki tisa, tumbo la Alhamisi, na lile neno alilosema darasani. Sikuwa na haja ya kuongeza kitu. Kisu kilisimama juu ya ndizi, maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye bati, na bibi akatazama kule barabarani kwa muda mrefu.

"Baba yangu alifia kwenye migodi ya Afrika Kusini mimi nikiwa mdogo kuliko huyu," akasema, sasa kwa Kinyakyusa. "Waliniambia amechelewa. Sikuambiwa amekufa, niliambiwa amechelewa. Nilikuwa naenda pale njiani kila jioni. Nilimngoja mpaka nikaolewa."

"Pole, bibi."

"Nilidhani alikasirika kwa sababu nilipoteza kisu chake." Akafuta mikono kwenye kitenge. Hakulia. Akamwita mjukuu wake, akamkalisha karibu naye kwenye mkeka, akamwambia kwa maneno machache, bila kupamba: mama yako anaumwa, ana uvimbe tumboni, ameshapasuliwa, anaishi, anakula uji, madaktari wanamwangalia. Kisha akageuka kwangu. "Kesho twende tukamwone. Na wewe uje, mwalimu. Huyu atataka kukuuliza mambo njiani, mimi sijui kusema nini."

Jumamosi asubuhi tulipanda gari la Mbeya, sisi watatu, bibi na chupa ya uji mapajani. Mtoto alikaa dirishani. Tulipopita Isongole, ambako ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi, aliniuliza mama alipasuliwa siku gani. Nikamtazama bibi.

"Jumatano hii," akasema bibi.

Nilimwona mtoto akihesabu kwa vidole kwenye goti lake. "Mtihani ulikuwa Alhamisi," akasema taratibu.

"Ndiyo, ulikuwa Alhamisi."

"Kwa hiyo alikuwa tayari amepasuliwa."

Hesabu ilikuwa sahihi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ualimu nilitamani mwanafunzi asipate jibu. Maana niliona hatua inayofuata. Kama kushindwa kwake hakukumdhuru mama, basi ushindi wa wiki tisa ndio uliomponya, na Jumatatu angerudi kwenye lile dawati kufuta karatasi mpaka itoboke.

Aliyeikata hesabu hiyo ni mama mwenyewe. Tulimkuta wodini, kitandani karibu na dirisha, amekonda, kichwa amefunga kitambaa, lakini macho yana uhai. Mtoto alisimama mbali kidogo na kitanda, mikono ndani ya sweta, kama anamwangalia mtu anayefanana na mama yake. Mama akanyoosha mkono. Bibi alikuwa amekwisha kumweleza kwa simu usiku uliopita.

"Nasikia ulikuwa unanipigania," mama akasema.

Mtoto akaitika kwa kichwa.

"Ahsante. Lakini hebu sogea hapa. Weka mkono. Si hapo, hapo kuna uzi. Hapa. Hili ndilo tumbo langu. Unadhani linajua kusoma?"

"Hapana."

"Basi uwe wa kwanza, uwe wa mwisho, hili tumbo haliwezi kusoma karatasi yako. Halijui hata Kiingereza."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka kabla yetu. Mtoto akacheka akiwa analia, akapanda juu ya kitanda na viatu vyake, na muuguzi aliyepita alitaka kusema kitu, akaamua kuendelea na safari yake.

Baadaye akamuuliza mama yake lile swali ambalo sisi watu wazima tulikuwa tunalikwepa, kama atapona kabisa. Mama alimtazama bibi, kisha akamjibu, "Sijui, mwanangu. Madaktari wamesema nitakuwa narudi kuangaliwa. Nikijua nitakuambia wewe mwenyewe. Hutasikia nyuma ya jiko." Nilitegemea mtoto ashtuke. Alipumua tu, akaomba kuonja uji.

Jumatatu nilikwenda kwa Sista. Sikumtajia jina wala sikumweleza nadhiri. Nilimwambia tu kwamba naomba tuache kubandika nafasi ubaoni, na kwamba mimi niliyezibandika ndiye ninayeomba. Aliniuliza maswali mawili, nikayajibu nilivyoweza bila kumfichua mtoto. Akasema kikao cha wazazi kiko karibu, nikaseme mwenyewe.

Kikao hakikuwa chepesi. Nilipotamka afya ya akili, baba mmoja aliyevaa koti la suti na buti za shambani akasimama. "Mwalimu, samahani. Wanangu si vichaa. Mimi nimeuza parachichi niwalete hapa wasome, nijue wa ngapi. Nisipojua wa ngapi, nimejua nini?" Wengi wakaguna kumuunga mkono, na sikuwalaumu, kwa sababu mpaka mwezi uliopita hata mimi ningeguna. Nilimjibu kwamba nafasi ya mwanawe ataipata, kwenye bahasha, mwisho wa muhula, yeye na mtoto wake. Kinachoondoka ni ubao. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Sista alisema tutajaribu kwa mwaka mmoja, na asiyeridhika aje ofisini. Yule baba alikuja ofisini. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alikuja kuuliza kama mlezi anaweza kuzungumza na kijana wake wa darasa la sita ambaye ameacha kula.

Kuhusu nadhiri, nilikaa nayo kimya kama nilivyoahidi. Karibu na mwisho wa mwaka, nikiwa nasahihisha madaftari, niliwaona kupitia dirishani Sista na yule binti kwenye bustani ya mboga, wanang'oa magugu kwenye tuta moja, mmoja huku, mwingine kule. Mtoto alikuwa anaongea bila kuinua kichwa. Sista aliacha kung'oa, akabaki amechuchumaa, buti zake zimezama kwenye udongo, akisikiliza. Jioni ile alinipitia. "Ile habari ya nadhiri, ulikuwa unajua," akasema. Nikasema ndiyo. "Mimi ndiye niliyewafundisha nadhiri," akasema. "Nilieleza nusu. Kwamba si biashara na Mungu, sikusema." Walichozungumza kwenye tuta hakuniambia, nami sikumuuliza. Ila tangu hapo, kwenye vipindi vyake vya dini, huwapa watoto nafasi ya kuuliza, na wakati mwingine kengele inalia hajafundisha alichopanga.

Mama alirudi Kawetele wakati wa likizo ndefu. Bado huenda Mbeya kuangaliwa, na wiki za kwenda huko binti yake hulala vibaya, na tumbo humkamata. Halikuisha moja kwa moja. Sasa yuko darasa la sita. Mara nyingine anaongoza, mara nyingine hapana, na hisabati amenipita kasi kiasi kwamba huwa naandaa vipindi vyake kwa woga. Chumba cha majoho nacho hakikosi watu. Wengine huja na jambo. Wengine huja kula andazi kwa utulivu, nami nawaacha wale.

Muhula uliopita, siku ya wazazi, mama yake alikuja mwenyewe, kwa mguu kutoka njia panda, akipumzika mara kwa mara. Nilimpa kiti kivulini. Nilikuwa na bahasha yake mkononi, nikamkabidhi. Akaishika bila kuifungua, akawa anawatazama watoto waliokuwa wanaruka kamba uwanjani, kelele imejaa kila mahali.

"Mwalimu," akasema, "huku shuleni, huwa anacheka?"

Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kuulizwa hivyo na mzazi, na ilibidi nifikiri kabla ya kujibu, maana hakutaka jibu la adabu.

"Anacheka," nikamwambia. "Juzi nilimtoa nje ya darasa kwa sababu ya kucheka. Alimwiga mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Mimi."

Akainamisha kichwa, mabega yakitikisika, na kwa mkono mmoja akalishika tumbo pale penye kovu. Nikamuuliza kama linauma. Akasema hapana, ila kucheka bado kunavuta kidogo.